Mtaji Usiokaa Sandukuni

Vijana wengi wa parokia yetu hunijia jioni, mafundisho yakiisha, na swali lao ni moja: "Mwalimu, nataka kuanza biashara, lakini sina mtaji. Nifanye nini?" Mtaji wanaoutaja ni fedha. Wadhani kwamba mtu akishika dola mia mbili mkononi amekwisha kuwa mfanyabiashara, na asiye nazo hana la kufanya ila kukaa barazani. Mimi sisemi kwamba fedha ni kitu bure. Bila fedha hununui mbao wala misumari. Lakini nimeona kwa macho yangu watu waliopewa fedha nyingi, na kabla ya mwaka kwisha duka limefungwa. Nimeona tena watu walioanza na beseni moja ya sambaza, na leo walisha watoto sita na kuwalipia minervali. Nikitafuta tofauti yao, mara nyingi naona hii: mmoja alikuwa na fedha bila watu, na mwingine alikuwa na watu, basi fedha zikamfuata polepole.

Leo nataka kusema habari ya mtaji huo wa pili, yaani kujuana na watu, na hasa kuwajulisha watu wao kwa wao. Mimi ni katekista. Nilisoma seminari, nikafika hata filosofia, kisha nikarudi nyumbani, nikaoa. Kazi ya ukatekista, kama mjuavyo, hailishi nyumba. Nala kwa jasho la useremala. Karakana yangu ni ndogo, kando ya njia iendayo ziwani, upande huu wa Bukavu: meza mbili za kazi, randa, misumeno, patasi, na vijana wawili wanaojifunza. Mengi nitakayosema nimeyaona hapo hapo, katikati ya maranda.

JAMBO LA TANGU ZAMANI

Wako wasemao: "Mambo ya kujuana ni ya watu wa mjini, wenye simu na motokari." Sivyo. Kando ya ziwa letu la Kivu jambo hili ni la zamani sana. Wanahistoria wameandika kwamba katika karne ya 19 watu wa huku waliuziana vitu kwa butega. Butega ni vikuku vilivyosukwa kwa nyuzi za mimea ya msituni, kazi ya Watembo wa milimani, magharibi ya ziwa. Vikuku hivyo vilipokelewa sokoni kama fedha. Lakini butega peke yake haikumtosha mtu msafiri. Aliyekwenda kuuza ugenini alitafuta kwanza rafiki wa huko, na pengine walichanjana damu ili urafiki wao usivunjike. Kwa rafiki huyo alilala, kwake alikula, naye ndiye aliyemwonyesha wauzaji wa kweli na kumwambia, "Yule mwangalie vizuri." Hapakuwa na benki wala karatasi za mkataba. Urafiki wenyewe ndio uliokuwa mkataba.

Hata sambaza wetu atufundisha neno. Samaki huyu hakuwa wa ziwa hili. Aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwaka 1959, akazaa sana, na leo hakuna soko la Bukavu usipomkuta. Na watazame wavuvi wake usiku wanavyofanya kazi. Mitumbwi mitatu huunganishwa kwa miti mirefu, taa huwashwa, na wavu hushushwa kati yake. Samaki hufuata mwanga, nao wavuvi huinua wavu pamoja, wakiimba. Mtumbwi mmoja hauwezi kuubeba wavu ule. Kila mtumbwi una mwenyewe, una jina lake. Lakini miti ile miwili mitatu inayoiunganisha ndiyo iletayo chakula. Biashara nayo yataka watu walio kama miti ile.

MAMA MMOJA WA SAMBAZA

Katika shirika letu yuko mama mmoja mjane. Hakusoma sana. Huuza sambaza, na kila alfajiri huwa ziwani kabla ya jogoo kumaliza kuwika. Mama huyu ana desturi moja ambayo wenzake hawana. Akisikia haja ya mtu, haiachi ipite. Mvuvi akisema, "Wavu wangu umechanika," mama amjibu, "Kadutu yuko kijana ashonaye nyavu vizuri, kesho atapita hapa." Mwenye mkahawa akilia kwamba hapati mbuzi wa Jumapili, mama akumbuka mfugaji mmoja aliyemwuzia samaki juma lililopita, akampigia simu palepale. Kichwa chake ni kama daftari: huyu ana nini, yule ataka nini.

Siku moja nilimwuliza, "Mama, wenzako wakiwakutanisha watu hudai matabishi. Wewe mbona hudai?"

Alicheka, akasema, "Mwalimu, nikidai franka leo, tumemalizana leo. Nisipodai, hawanisahau."

Neno hilo nimelifikiri sana. Mnajua kwamba mwezi ukiwa mpevu sambaza huwa wachache, kwa kuwa mwanga wa mwezi hushinda mwanga wa taa, na samaki hawakusanyiki. Siku zile wanawake hugombania beseni moja, na bei hupanda. Lakini mama huyu hagombani na mtu. Wavuvi humwekea fungu lake kando kabla ya kuanza kuuza. Hawamwekei kwa sababu ya huruma. Wamwekea kwa sababu nyavu zao zimeshonwa, mashua zao zimepata wateja, na mara mbili tatu wagonjwa wao wamefikishwa kwa muuguzi, yote kwa njia yake. Hiyo ndiyo biashara yake, ijapokuwa haionekani juu ya meza ya soko.

KARAKANA YANGU ILIVYOPATA NGUVU

Sasa niseme ya kwangu. Marehemu baba alipofariki aliniachia karakana na wadogo wanne wa kusomeshwa. Wateja wake walikuwa watu wa umri wake. Wengine walikwisha kufa, wengine walihama. Kwa miezi mingi sikutengeneza kitu ila vigoda na mipini ya majembe. Jioni nilikuwa nahesabu franka mara mbili, kana kwamba kuzihesabu tena kungeziongeza.

Katika siku hizo direkta wa shule moja alimleta mtoto wake katika mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Tulipokuwa tukiongea alilalamika kwamba mvua yaingia katika madarasa mawili, na fundi aliyeitwa ametoroka na malipo ya kwanza. Mimi si fundi wa mabati. Lakini nilimkumbuka mtu mmoja wa bonde la pili, niliyekaa karibu naye katika arusi, na niliyekwisha kuona kazi yake juu ya paa la kanisa dogo. Jumamosi nikamchukua direkta, tukaenda kwa miguu hata kwa fundi huyo. Nikasema, "Baba Direkta, huyu ndiye fundi. Paa lake moja nimeliona, halivuji. Mengine mtaulizana wenyewe." Kisha nikarudi nyumbani. Sikupata kitu, wala sikungoja kitu.

Nusu mwaka ulipita. Siku moja fundi yule alikuja karakanani mbio. Alikuwa akiezeka kituo cha afya cha Masista, akasikia wanatafuta mtu wa kutengeneza vitanda na viti virefu vya wagonjwa. Akawaambia, "Yuko mwalimu mmoja seremala, mtu asemaye kweli." Kazi ilikuwa vitanda 24. Kwa malipo yale wadogo zangu walirudi shule, nami nikanunua meza ya pili ya kazi.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba ukimtendea mtu wema leo, kesho utapata vitanda 24. Nimewajulisha watu wengi, na wengi wao hawakunirudishia hata neno la aksanti. Mwenye kupanda maharage hahesabu kila punje. Lakini asiyepanda ajua hakika atavuna nini.

WATU WA MBALI KIDOGO

Angalieni jambo moja katika habari hii. Fundi yule hakuwa ndugu yangu, wala rafiki yangu wa kila siku. Tulikuwa tumeonana mara mbili tu. Mbona msaada mkubwa ulitoka kwake, wala haukutoka kwa ndugu zangu wanipendao?

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Mark Granovetter, alilichunguza swali hilo, na mwaka 1973 akatoa maandishi yake. Aliwauliza watu wa mji mmoja karibu na Boston waliokuwa wamepata kazi mpya kwa kuambiwa na mtu waliyemjua. Swali lilikuwa: "Siku zile, ulikuwa ukionana na mtu huyo mara ngapi?" Watu 54 walijibu. Waliosema kwamba walionana naye mara nyingi, yaani mara mbili kwa juma au zaidi, walikuwa 9 tu. Watu 30 walisema walionana naye mara mojamoja. Na 15 walisema hawakuonana naye ila mara moja kwa mwaka, au hata chini ya hapo.

Sababu si ngumu. Ndugu yako na jirani yako wajua yale uyajuayo wewe. Mnakwenda soko moja, mnasali kanisa moja, mnasikia habari zilezile. Kama wewe hujasikia kwamba Masista wataka vitanda, labda na ndugu yako hajasikia. Mtu wa bonde la pili asikia habari za bonde la pili. Ndugu atakupa chakula na mahali pa kulala siku ya taabu, naye apita watu wote kwa hilo. Lakini habari mpya mara nyingi huja na mtu wa mbali kidogo. Ndiyo maana wazee walisema: mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Nenda msibani hata kama marehemu si wa ukoo wako. Katika arusi usikae na watu wa mlango wako tu. Ukipanda mashua ya kwenda Goma, ongea na aliye karibu nawe. Uliza kazi yake, sikiliza, na ukumbuke jina lake.

MGENI ASIYE NA MTU

Lakini yuko mtu ambaye mashauri haya yote hayamsaidii, yaani mgeni asiyejulikana na yeyote. Huyo atakwenda arusi gani, na nani amwalike?

Tarehe 4 mwezi wa tano mwaka 2023, mafuriko yalishuka katika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, upande wa Kalehe. Watu zaidi ya 400 walikufa, na nyumba nyingi pamoja na soko zilichukuliwa na maji na mawe. Kati ya waliopona, fundi mmoja wa nguo alifika kwetu na mke na mtoto mchanga. Mashini yake ya kushona ilikuwa imezikwa katika matope. Watu walimpa unga, nguo, na blanketi, wakafanya vema. Lakini unga wa juma moja huisha kwa juma moja. Mtu huyu alikuwa na mikono yenye ujuzi wa miaka kumi na mitano, na katika mtaa wetu hapakuwa na hata mmoja aliyejua hilo.

Mama wa sambaza ndiye aliyeanza. Alijua kwamba mjane mmoja wa mtaa wa juu alikuwa na mashini ya marehemu mumewe, imefunikwa kitambaa miaka mitatu, akiogopa kuiuza na asijue kuitumia. Naye alijua kwamba wanakwaya walitaka mavazi ya sikukuu. Tulikwenda sote watatu kwa mjane: mama, fundi, na mimi. Tukakubaliana mbele ya mkubwa wa shirika: mashini itabaki nyumbani kwa mjane, fundi atashonea barazani pake, na faida watagawana, sehemu mbili kwa fundi na moja kwa mjane. Nguo za kwanza zilikuwa 18. Mjane alianza kukaa na watu barazani, akapata hata wateja wa chai na mandazi kati ya waliokuja kupima nguo.

Hesabuni, basi. Mashini ilikuwako. Ujuzi ulikuwako. Haja ya nguo ilikuwako. Fedha za kwanza ziliwekwa na wanakwaya wenyewe. Kilichokosekana ni mtu wa kusema, "Njoni muonane." Mara ngapi mitaani mwetu mali za namna hii zalala zimefunikwa kitambaa!

JINSI YA KUWAJULISHA WATU

Kazi hii ina adabu yake. Nitataja mambo manne.

La kwanza, mjue unayemtuma. Usimsifu mtu kwa sababu ni mpwa wako tu, au kwa sababu amekununulia kinywaji. Sema uliyoyaona. "Nimeona paa lake moja" ni neno la kweli. "Ni fundi mkuu wa jimbo zima" ni maneno ya sokoni. Katika kitabu cha Matendo ya Mitume twasoma habari za Barnaba. Saulo alipokuja Yerusalemu, wanafunzi walimwogopa, na walikuwa na haki, maana aliwahi kuwatesa wenzao. Barnaba ndiye aliyemchukua na kumpeleka kwa mitume, akawaeleza mambo yaliyompata njiani na jinsi alivyohubiri Damasko. Hakuwaambia kwamba Saulo hana historia. Aliwaeleza mambo yaliyotendeka. Na baadaye, kazi ilipokuwa nyingi Antiokia, alikwenda mwenyewe hata Tarso kumtafuta. Huyo ni mwungamanishi wa kweli: awajua wote wawili, asema aliyo na hakika nayo, na hachoki kutembea.

La pili, nenda mwenyewe ikiwezekana, au piga simu mbele ya mwenye haja. Kumpa mtu namba ya simu na kumwambia, "Sema nimekutuma mimi," ni nusu ya kazi. Mtu mwenye haya hatapiga simu hiyo. Mkiingia pamoja mlangoni, nusu ya woga imekwisha.

La tatu, ukiisha kuwakutanisha, jitoe. Usikae katikati ya mazungumzo kama mbuzi njiani. Usiulize, "Amekulipa ngapi?" Waache wapatane wenyewe. Ukiwabana, watatafuta njia ya kukuzunguka.

La nne, ukijulishwa wewe, rudisha habari. Nenda kwa aliyekutuma umwambie, "Baba, nilikwenda, tulielewana, aksanti." Na kama mambo yalikwenda vibaya, mwambie vilevile, ili asimtume mwingine kwenye shimo. Wengi hukosa hapa. Wakipata kazi husahau mlango waliopitia. Haja nyingine ikija, waona haya kuurudia.

Mtaniuliza: "Je, ni vibaya kuwa komisioneri na kulipwa?" La, si vibaya. Komisioneri asemaye wazi, "Kazi yangu ni kukutafutia nyumba, na malipo yangu ni haya," afanya kazi ya halali kama mwingine. Ubaya ni kula pande mbili kwa siri, au kujifanya rafiki kumbe unamwuza mtu. Mwenye kununua atauliza baadaye, "Alinileta hapa kwa faida yangu au kwa faida yake?" Siku atakapouliza hivyo, neno lako limekwisha kuwa na bei, na neno lenye bei haliaminiwi tena.

URAFIKI UKITUMIWA KAMA NDOANA

Jambo hili jema lina hatari yake, na haifai kuificha. Wazee wetu wakumbuka habari ya Bindo, kule Kinshasa, mwaka 1991. Watu waliahidiwa faida kubwa ajabu kwa fedha watakazoweka. Wa kwanza walilipwa vizuri, wakawaita ndugu zao, na ndugu wakawaita rafiki zao. Lakini fedha za faida zilitoka kwa wale waliokuja nyuma. Sanduku lilipokauka, wengi walipoteza akiba yao yote. Waliowaita wenzao hawakuwa wezi. Wengi walimwita mtu waliyempenda. Hapo ndipo uchungu ulipozidi: fedha zilipotea, na undugu ukaharibika pamoja nazo.

Katika shirika letu akina mama kumi wana likilimba yao. Kila Jumapili kila mmoja atoa franka 5,000, na mmoja kwa zamu apokea 50,000. Ni jambo dogo, lakini limejenga jiko, limenunua mbuzi, limelipa hospitali. Siku moja bwana mmoja mwenye viatu vya kung'aa alikuja karakanani. Alikuwa akijenga nyumba, akaniagiza milango 12. Nikafurahi sana. Kisha akasema, "Mwalimu, akina mama wale wakuamini. Nipeleke kwao. Atakayetoa dola 100 atapata 200 baada ya miezi miwili. Na wewe nitakupa dola kumi kwa kila mama utakayemleta."

Nikamwuliza, "Bwana, fedha hizo zitanunua bidhaa gani? Ziko dipo gani, tukaone? Nani wa huku umekwisha kumlipa, tukamwulize?" Kwa kila swali alijibu kwa kicheko, na kusema kwamba mwenye akili haulizi sana. Nikamwambia, "Basi mimi sina akili hiyo. Milango nitakutengenezea vizuri. Kwa akina mama sitakupeleka."

Milango ile 12 ilitengenezwa na seremala mwingine. Muhula ule minervali ya mdogo wangu wa mwisho ilichelewa, akarudishwa nyumbani majuma mawili. Mke wangu hakunilaumu, lakini sufuria ilikuwa nyepesi, na watoto hawali maneno. Hata leo wako wanaosema kwamba nilikuwa mwoga. Mimi najibu hivi: akina mama wale hufungua mlango wakisikia sauti yangu. Nikiuza mlango huo kwa dola kumi, nitagonga wapi siku nyingine?

MWAKA WA MABENKI KUFUNGWA

Mwezi wa pili mwaka 2025, vita vilipofika Bukavu, mabenki yalifunga milango. Aliyekuwa na fedha benki hakuweza kuzitoa, na wenye duka hawakujua watanunua bidhaa kwa nini. Siku zile kila mtu alijua ana mtaji gani hasa.

Mimi sikuwa na fedha benki wala nyumbani, lakini nyumba za watu zilikuwa zimevunjwa milango, na kazi ilikuwako. Nilikwenda kwa mwenye duka la misumari na gundi. Nilifikiri atanifukuza. Akanitazama, akasema, "Mwalimu, mafundi watatu wanunuao kwangu uliwaleta wewe. Chukua. Utaandika jina lako hapa." Nikapata misumari kilo 20. Walimu wa shule, ambao mishahara yao ilikuwa imekwama, walinilipa milango kwa maharage. Maharage yale nilimpelekea mama wa sambaza. Yeye akawapa wavuvi, nao wakampa samaki, na nusu ya samaki akaiuza kwa wenye franka mkononi. Kwa majuma matano deni langu la misumari lilikwisha. Hapakuwa na benki kati yetu, wala karatasi, ila daftari moja la mwenye duka, na watu waliojua kwamba kila mmoja atarudi.

Sisemi kwamba kila mtu alipata hivyo. Wengi waliteseka, na wako waliopoteza kila kitu, hata watu wao. Lakini niliona wafanyabiashara wawili wa mtaa mmoja, wenye bidhaa sawasawa. Mmoja alikuwa amezoea kununua na kuuza bila kumtazama mtu usoni. Siku zile hakuna aliyemkopesha, wala si kwa chuki. Ni kwamba hapakuwa na mtu wa kusema, "Huyu namjua." Mwingine alikuwa akijulisha watu tangu miaka kumi, naye alipata vitu kwa neno lake tu.

Basi, ninyi vijana mnaoniuliza mtaji, jibu langu ni hili. Wekeni akiba, hata franka mia tano. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini juma hili, kabla ya Jumapili, tafuteni watu wawili mnaowajua ambao wangefaana na hawajuani: mwenye ng'ombe na mwenye kutafuta maziwa, mwenye kamioni itokayo bure na mwenye viazi shambani, mwanafunzi aliyemaliza na fundi atafutaye msaidizi. Waendeeni, semeni mnayoyajua kwa kweli, waleteni pamoja, na mrudi nyumbani bila kunyosha mkono. Fanyeni hivyo mwezi baada ya mwezi. Kisha fungueni duka lenu. Mtakapofungua mlango asubuhi ya kwanza, hamtakuwa wageni katika soko.

Nawasalimu wote, hasa mashirika ya kando ya ziwa. Mwenye kutafuta kitanda au mlango ajua karakana ilipo. Na mwenye kutafuta kitu nisichotengeneza mimi, aje vilevile. Huenda namjua anayekitengeneza.